Ziara za masomo ng'ambo kwa vijana wa Kichina: mzazi na mtoto hawanunui kitu kimoja

Mleta uzi anafundisha Kiingereza China. Anauliza kwa nini mwanafunzi wake wa miaka 15 anaikataa safari ya Uingereza ambayo wazazi wameshailipia, na yeye awaambie nini. Jibu langu ni kwamba mzazi amenunua Kiingereza, mtoto anataka kupumua, na wakala amewauzia wote wawili ratiba ileile.

Tazama kalenda kwanza. Miaka 15 ndio umri wa zhongkao, mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Ukiisha huo, safari ya gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, inaanza. Likizo ya katikati mzazi anaiona ni nafasi tupu ya kujazwa, kumbe mtoto ameihesabia siku tangu mwaka uliopita. Wiki mbili atazikubali akiachiwa zilizobaki. Sita hazikubali, na ana haki.

Sasa ipigieni hesabu ratiba yenyewe. Katika "siku 14" toa mbili za ndege, toa wikiendi, toa siku ya kwanza ambayo mtoto anasinzia tu, maana kiangazi China iko mbele ya Uingereza kwa saa 7. Kozi nyingi za kiangazi ni kama saa 15 kwa wiki, kwa hiyo darasani hafikishi hata saa 30. Saa hizo hazimbadilishii mtu Kiingereza. Kinachombadilisha ni anaongea na nani baada ya darasa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea: watoto 40 wa mji mmoja, basi lao, mwalimu wao, Kichina kuanzia kifungua kinywa. Wakala aulizwe kwa maandishi: darasani kuna Wachina wangapi, na mtoto analala chumba kimoja na nani?

Kipimo kizuri ni mwongozo wa Wizara ya Elimu ya China wa 2014 kwa ziara za wanafunzi: masomo yasipungue nusu ya ratiba, nchi zisizidi 2, na miji isizidi 2 kwa kila nchi. Mwaka mmoja kabla, Julai 6, 2013, ndege ya Asiana, shirika la Korea Kusini, ilianguka San Francisco, na waliokufa ni wasichana watatu wa mkoa wa Zhejiang, China, waliokuwa wakienda kambi ya kiangazi California. Mzazi akiuliza mara kumi kuhusu usalama, msimwone msumbufu.

Kuhusu vyuo vikuu, semeni wazi. Cambridge kuna jiwe la mshairi wa Kichina Xu Zhimo, liliwekwa King's College mwaka 2008, na picha pale ni lazima. Sawa. Lakini kambi iliyokodi mabweni ya chuo si ya chuo, na cheti chake hakimwingizi mtu popote. Wazazi wengi wanalipia matumaini hayo.

Kinachoharibu safari mara nyingi ni chakula. Mtoto amezoea maji ya moto na mlo wa moto mchana. Familia mwenyeji inampa mkate baridi na maji ya bomba. Anamlalamikia mama, mama anambana wakala, wakala anamhamishia kwa Wachina wenzake, na Kiingereza kimeishia hapo. Abebe chupa ndogo ya chai, na mwenyeji aelezwe kabla mtoto hajafika.

Viza ya kawaida ya mgeni inatosha kwa kozi isiyozidi miezi 6, ikiwa shule ina ithibati. Kwa kuwa hajafika miaka 18, andaeni barua ya ridhaa ya wazazi, cheti cha kuzaliwa na kurasa za hukou (kitabu cha usajili wa kaya), vyote na tafsiri ya Kiingereza.

La mwisho ni simu. Saa 3 usiku London ni saa 10 alfajiri Beijing, na mama yuko macho anasubiri picha WeChat. Wakubaliane kabla ya safari: ujumbe mmoja saa 1 na nusu asubuhi ya London, huko kwao ni saa 8 na nusu mchana. Mtoto akiwa ameitaja saa hiyo mwenyewe, ataitunza.