Mama, usimpelekee fundi mchoro wa mtoto

Mama, soma hapa kabla Jumamosi haijafika. Umeuliza karatasi iwe na ukubwa gani, rangi za maji au za mafuta, na kama kuna ubaya fundi wa Birere, hapa Goma, "akinyoosha kidogo" gari la kesho alilochora mwanao wa miaka minane kwa ajili ya shindano la watoto. Hilo la mwisho limeninyima usingizi. Usinyooshe kitu!

Mimi nilinyoosha. Binti yangu alikuwa na miaka saba mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka, tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, tukashika njia ya Sake kwa miguu, na mama yangu akachoka njiani. Kijana mmoja akampakia kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, yenye pembe za kushikia, katikati ya magunia ya makaa, akasukuma. Mwaka uliofuata likatangazwa shindano hapa mjini, mfano wa lile la Toyota la gari la ndoto lililoanza 2004. Mtoto hakuuliza mtu. Akachora chukudu ya pembe ndefu na magurudumu sita meusi, koko wake, yaani bibi yake, amekaa juu na mbuzi, chini moto mtupu. Nikamuuliza mbona magurudumu ni meusi.

"Papa, ni mawe ya volkano. Yameshaungua, hayawezi kuungua tena."

Nilikuwa na hazina mkononi, nikaona mistari iliyopinda. Nikaona mbuzi mkubwa kuliko koko. Nikapeleka karatasi kwa mchoraji wa vibao vya saluni, dola 15. Akaniambia majaji hawapotezi muda na mikwaruzo ya watoto, wanataka kazi safi. Shindano la watoto, mikwaruzo ya watoto haitakiwi! Ni kama kuandaa harusi ukamwambia bibi harusi asubiri nje. Akafuta pembe, akaweka taa, vioo na milango miwili. Chukudu ikawa jipi inayong'aa. Mbuzi hakupata nafasi.

Siku ya maonyesho jaji mmoja, mama mpole, akachutama mbele ya binti yangu. "Magurudumu yako yametengenezwa na nini?" Mtoto akaitazama karatasi muda mrefu.

"Sijui. Muulize yaya, yule kaka aliyechora."

Hakusema kwa hasira. Jaji akaniangalia mimi, akailaza karatasi kifudifudi mezani, akaenda kwa mwingine. Aliyeshinda alichora pikipiki inayochota maji ziwani na kuyapandisha mitaani, mistari imepinda kuliko ya kwetu.

Dola 15 sizililii. Mwaka mzima binti yangu hakushika penseli. Nikimletea karatasi ananijibu, "Mpelekee yule yaya." Na huyo bwana bado yuko palepale, anawapa wazazi maneno yaleyale. Juzi nimepita kwake nikaona karatasi ya mtoto mwingine imeegemezwa ukutani, imeshafutwa nusu. Anajua kabisa anachofuta, maana kabla ya kufuta lazima akitazame!

Kwa hiyo shika moja tu: mkono wa mtu mzima usiguse karatasi. Chonga penseli, wazuie wadogo zake wasimwage chai, kaa pembeni uulize: hii ni nini, inakwenda wapi, inambeba nani? Majibu yaandike kwenye karatasi nyingine, kwa maneno yake yeye, hata kama hayaeleweki. Jaji akimuuliza atakuwa na la kusema, kwa kuwa ni lake. Akitaka kufuta, afute mwenyewe. Akichora gurudumu la pembe nne, muulize linazungukaje, na usicheke.

Ule mchoro bado ninao. Ukiuinamisha dirishani asubuhi, chini ya rangi ya jipi unaona mifereji ya penseli, alivyokuwa akikandamiza: pembe zote mbili, na sikio moja la mbuzi.

Mwanao ameshakwambia gari lake linambeba nani? Muulize leo jioni, kisha utuandikie hapa alivyojibu.