Sukari ya saa kumi jioni: kwa nesi mpya wa wodi ya lukemia

Nesi mwenzangu unayeanza wodi ya watoto wenye saratani ya damu, namna ya kushika dawa za kemo utafundishwa, tena mara nyingi hadi uchoke. Sukari huenda isitajwe kabisa, maana wengi tunadhani ni kazi ya kliniki ya kisukari. Mimi sikufundishwa, na aliyelipa ada ni mtoto wa watu.

Alikuwa na miaka 11, wiki ya pili ya matibabu ya mwanzo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilimchoma kidole, naandika 5.2 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari humu), kesho yake 5.4, nafunga faili. Siku moja mama yake akaniambia, "Sista, huyu jana kanimalizia dumu zima la maji, na usiku kakojoa kitandani. Hajawahi tangu aanze darasa la kwanza." Nikamjibu, ni hizo dripu, mama. Saa kumi jioni mtoto akawa amelegea, ulimi umekauka. Kipimo hakikutoa namba, kiliandika HI. Usidhani kinakusalimia. Maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma, na kwa vipimo vingi hapo ni zaidi ya 33.3.

Kosa langu lilikuwa saa. Mtoto anayemeza prednisoloni, ile steroidi ya kutibu lukemia, asubuhi, dawa inalifanya ini limwage sukari kwenye damu na misuli iwe mizito kuitikia insulini. Baada ya chakula cha mchana sukari inapaa, jioni iko juu, alfajiri imeshashuka. Ukipima alfajiri peke yake utaona mtoto mzima. Kwa hiyo pima pia saa mbili baada ya chakula cha mchana, na jioni kabla ya kula. Ikifika 11.1 usiiandike tu ukaondoka, mwite daktari.

Asparajinesi, dawa nyingine ya lukemia inayotolewa kwa sindano, nayo inakuja juu ya hiyo. Inamaliza asparajini, kirutubisho ambacho seli za lukemia haziwezi kujitengenezea vya kutosha, ila kongosho nalo linakihitaji ili litengeneze insulini. Dawa moja inaizuia insulini isifanye kazi, nyingine inapunguza utengenezaji wake. Wenye miaka 10 na zaidi, wanene, na wenye kisukari kwenye ukoo, waangalie kwa jicho la pekee. Mtoto wa asparajinesi akilalamika tumbo la juu linamuuma hadi mgongoni na anatapika, usimpe jina la gesi. Kongosho linaweza kuwa limevimba.

Usithubutu kuruka dozi ya prednisoloni kwa sababu sukari imepanda. Hiyo ndiyo dawa inayoua ugonjwa. Daktari ataamua kuhusu insulini na vimiminika. Kwa wengi hali hii hutulia awamu hiyo ya mwanzo ikiisha, na hilo mwambie mzazi mapema, kwa sababu akisikia "sukari" anahesabu ugonjwa wa pili.

Kuhusu chakula, nenda taratibu. Prednisoloni inaleta njaa ya ajabu, mtoto anaamka saa nane usiku anadai chipsi. Usimnyime chakula. Ondoa soda na juisi za boksi, punguza sukari kwenye uji, bakiza ugali, maharage, mayai, mboga. Mama anayeleta soda usimgombeze mbele ya wenzake. Mara nyingi wiki iliyopita hiyo soda ndiyo pekee iliyopita kooni.

Kuna namba za uongo pia. Kidole chenye maji ya embe kitakupa sukari ya embe, basi kioshe. Usitoe damu kwenye mkono unaoingia dripu ya dekstrosi, yaani maji ya sukari. Na mgonjwa mpya mwenye chembe nyeupe zaidi ya laki moja, chembe hizo zinaendelea kula sukari ndani ya chupa ya sampuli. Maabara inakuletea 1.8 huku mtoto anacheza. Tumia chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia ulaji huo, iwahishe, na linganisha na ya kidole. Lakini mtoto akiwa amelegea, mtibu kwanza, mabishano baadaye.

Miezi ikipita mambo yanageuka. Kwenye awamu ndefu ya vidonge, merkaptopurini inaweza kushusha sukari alfajiri: jasho, kutetemeka, usingizi usioeleweka. Hawa ndio tunaowafungisha chakula tangu usiku kwa ajili ya sindano ya uti wa mgongo, halafu tunawapanga kwenye benchi hadi saa sita mchana. Mimi siku hizi, kabla sijaita jina la kwanza, napita na kipimo nikiuliza kila mzazi: amekula saa ngapi jana? Aliye chini ya 4 namtangazia daktari hapo hapo, na wadogo kabisa wanaingia wa kwanza, hata kama waliotangulia foleni wananinunia.