Daftari la matumizi: hesabu kinachobaki

Dada, umeuliza kwa nini unaandika kila kitu na bado hesabu haikubali. Mara nyingi kosa ni kuandika kinachotoka tu. Asubuhi hesabu taslimu iliyomo mkobani, andika juu ya ukurasa. Usiku hesabu tena. Mfano: ulianza na 20,000, zimebaki 4,500, basi zimetoka 15,500. Ulichoandika ni kitoweo 8,000, nazi na mboga 3,000, boflo 2,000, jumla 13,000. Zile 2,500 ndizo zinazokuponyoka, aghalabu daladala na za watoto za skuli. Ziandike "sizijui", usibuni kitu cha kuzijazia. Baada ya wiki mbili utaona zinapotea siku gani.

Deni la dukani ndilo linaloharibu madaftari mengi. Liandike siku uliyochukua kitu, weka herufi D. Siku ya kulipa andika "nimelipa deni", lakini usilijumlishe tena kwenye matumizi, ama sukari moja utaihesabu mara mbili. Taslimu ya usiku itapungua kwa malipo hayo, kwa hiyo yatoe kwanza kwenye zilizotoka ndipo ulinganishe na ulichoandika. Kutoa pesa kwenye simu nako si matumizi: matumizi ni ile ada tu.

Mchele na umeme usivipime kwa siku. Andika tarehe ulipofungua polo la kilo 25. Likiisha siku ya 20, mnakula kilo moja na robo kwa siku. Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, vilevile, andika yuniti, si shilingi peke yake.