Mwanangu, kuhusu hiyo safari ya makanisa saba

Mwanangu,

Meseji yako niliiona tangu juzi, kwamba usharika wenu hapo Dar unakusanya watu wa kwenda Uturuki kuona makanisa saba ya Ufunuo, na wewe unauliza ulipie hiyo au uvumilie uweke akiba ya Israeli. Sikujibu haraka maana naona swali lako umelianzia katikati. Kabla hujauliza unaenda wapi, uliza unaenda na nani, na huyo nani ameshika ratiba gani. Nimesema siku zote na nitasema tena, kwenye safari hulipii ndege, unalipia kusimama. Ukifika mahali halafu usiachwe usimame, hela yako imeliwa.

Najua utasema mama kaanza tena na Alaşehir yake, ule mji wa Uturuki tuliopita na kundi letu. Ndiyo, nimeanza.

Efeso sina neno, tulipewa muda wetu. Unashuka ile barabara ya marumaru, inateleza hata ukivaa raba, paka wamelala juu ya mawe kila mahali, mpaka unafika kwenye ule uwanja wa michezo wa kukaa watu kama 25,000, ndo pale watu wa Demetrio mfua fedha walipiga kelele saa mbili nzima "Artemi wa Waefeso ni mkuu". Kwaya yetu ikaimba pale chini bila spika na watalii waliokaa juu kabisa wakapiga makofi. Na hekalu la huyo Artemi, lililokuwa moja ya maajabu saba ya dunia, imebaki nguzo moja tu imesimama kwenye majimaji na korongo kajenga kiota juu yake! Nilicheka peke yangu. Babu yako angecheka zaidi.

Pergamo tulipanda mlima jua kali, madhabahu ya Zeu haipo, Wajerumani walianza kuichimbua 1878 wakaibeba mpaka Berlin, imebaki misingi na misonobari. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ni Wajerumani hao hao walioleta Injili Machame 1893? Hao hao baba, kunywa maji. Thiatira sijui nikuambie nini, ni kipande cha magofu kimezungushiwa uzio katikati ya maduka, unamkumbuka Lidia muuza rangi ya zambarau, unapiga picha, unapanda basi.

Sasa Alaşehir ndiyo Filadelfia yenyewe, mojawapo ya yale makanisa saba. Mji wa kawaida wa wakulima wa zabibu, nyumba za watu, nguo zimeanikwa, halafu katikati ya mtaa zimesimama nguzo za kanisa la Mtakatifu Yohana, lilijengwa karne nyingi baada ya Ufunuo, mawe chini matofali juu, nene kiasi kwamba sisi wamama wanne tulishikana mikono na hatukuizunguka moja. Mtembeza watalii wetu, kijana wa Kituruki, Mwislamu, anaijua Ufunuo kuliko wazee wa kanisa wengine ninaowafahamu, akatueleza mji ule ulipigwa na tetemeko mwaka 17 baada ya Kristo, na hata baada ya hapo kuta zikawa zinapasuka mara kwa mara mpaka watu wengi wakaamua kuishi nje huko mashambani. Na ndo watu hao wanaandikiwa, yeye ashindaye nitamfanya kuwa nguzo katika hekalu la Mungu wangu, wala hatatoka humo tena kabisa. Wala hatatoka! Anaambiwa mtu aliyezoea kukimbia nyumba yake usiku na watoto mgongoni. Huo mstari nimeusikia tangu mdogo na unajua mara ya mwisho tuliusikia wapi wote pamoja, kaburini kwa babu yako, mvua inanyesha, mjomba wako ameshika mwavuli na bado sote tumelowa.

Nikatoa Biblia ya babu yako, ile yenye jalada la kitambaa, nikasogea kwenye nguzo niusome pale pale. Sijafika katikati, honi. Kiongozi wetu anapiga makofi, wapendwa tupande tumechelewa. Tumechelewa wapi? Duka la makoti ya ngozi! Mwanangu, Filadelfia hatukumaliza hata nusu saa, dukani tukakaa hadi chai ikaletwa mara mbili, wanatembea wasichana na vijana wamevaa makoti muziki unapiga, mzee wetu wa kanisa naye akavalishwa koti la kahawia akageuka geuka mbele ya kioo. Joto lote lile la kwetu atalivaa wapi?

Haya, labda namwonea yule kiongozi. Watu wanasema hayo maduka ndo yanashusha bei ya safari, na dereva naye ana saa zake, na kuna mama alikuwa anaumwa miguu. Sawa. Lakini si angekata dukani? Shangazi yako ananiambia mambo ya kale hayo niyaache, mimi nashindwa.

Baadaye tukaona Laodikia, nikashika bomba la mawe la zamani, tundu limejaa chokaa limebaki dogo kama la birika la bibi yako, na ng'ambo unaona ile miamba myeupe ya Pamukkale inapotoka maji ya moto. Wakasoma habari za uvuguvugu. Mimi nilikuwa bado niko Alaşehir.

Sasa Uturuki au Israeli, sitakuchagulia, hela ni zako na wewe mtu mzima. Mama yako mdogo alienda Israeli akarudi anahadithia ule mlango mfupi wa kanisa la Bethlehemu, unainama ndo uingie, halafu foleni ya Kaburi Takatifu mpaka miguu ikavimba, ila ukimsikia anavyosema unataka kufunga begi. Kwa hiyo sisemi. Ingawa ungekuwa umeniambia nani anaongoza hilo kundi lenu ningekuwa nimeshasema.

Fanya hivi, ipige picha karatasi ya ratiba unitumie, na uwaulize Alaşehir wameweka muda gani wa kukaa na kama kuna duka siku hiyo. Wakikujibu "tutaona huko huko" nipigie kabla hujatuma hela.

Mama yako