Maua ya bati na sumaku ya tesla 20

Nasoma kwamba metali ina chembe ndani yake. Mbona mimi naona kipande kizima tu? (Msomaji, Tanga)

Pita duka la vifaa vya ujenzi utazame bati jipya lisilopakwa rangi. Yale maua yanayometameta, mengine kijivu mengine meupe, ndiyo chembe za zinki, metali inayofunika chuma cha bati. Kila ua ni fuwele moja. Atomi zake zimejipanga kuelekea upande wake, za jirani zimeelekea kwingine, na yanapopakana ndipo penye mpaka. Metali ikipashwa moto wa kutosha, mipaka husogea na chembe moja humla mwenzake. Sumaku kali nayo huweza kuisukuma mipaka hiyo.

Sumaku inaingiaje hapo, wakati zinki hainati kwenye sumaku? (Mwalimu, Nakuru)

Hainati, ila haiipuuzi. Fuwele za zinki, bismuthi na titani huitikia uga wa sumaku (nguvu yake inayoenea pembeni) kwa kiasi kinachotegemea zimelalia upande gani. Basi chembe mbili jirani zilizolala tofauti hubeba nishati tofauti, na mpaka husogea kuimeza ile yenye nishati kubwa. Mtafiti wa metali W. W. Mullins alilionyesha hilo kwa bismuthi mwaka 1956. Shaba na alumini hazimo: fuwele zake ni za mchemraba, mwitikio wake ni uleule pande zote.

Nikigeuza kaskazini ya sumaku iwe kusini, mpaka utarudi nyuma? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)

Hautarudi. Nguvu hii hufuata mraba wa uga, na hasi ikizidishwa kwa hasi ni chanya. Ukitaka urudi, geuza kipande chenyewe cha metali, si sumaku. Watafiti wa Aachen, Ujerumani, miaka ya 1990, walitumia bismuthi yenye fuwele mbili tu, moto ukiwa chini kidogo ya nyuzi 271 inapoyeyukia, na uga wa takriban tesla 20 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku). Kilichonifurahisha mimi: kuna mpaka uliokwenda kwa wepesi upande mmoja, na kwa shida uliporudishwa.

Mimi fundi bati. Sumaku ya spika mbovu itanifaa kusogeza mipaka hiyo? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, fundi. Tuseme ina tesla 0.2, yaani sehemu moja ya mia ya ile ya Aachen. Nguvu yake kwa mpaka ni sehemu moja ya elfu kumi. Nyundo yako ikilikunja bati huacha ndani yake nishati inayoipita mbali hata ile ya tesla 20. Halafu spika ukiisogeza motoni, sumaku yenyewe inafifia.