Maswali ya Wasomaji: Marangu Unapanda kwa Gia, Unashuka kwa Akili

Habari za kazi, dawati la baiskeli. Natokea Majengo, Moshi. Nina baiskeli ya mbio ya mtumba: mbele meno 39, nyuma gia kubwa kabisa meno 25. Nikipita Himo kwenda geti la Marangu, barabara tambarare haina shida, ila nikivuka Marangu Mtoni nashuka na kusukuma. Mwenzangu ananiambia nifanye mazoezi. Ni miguu au ni baiskeli?

Ni baiskeli, ndugu yetu. Kutoka Himo hadi getini unapanda karibu mita 1,000, na kipande cha juu ya Mtoni ndicho kikali zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, gia yako ya 39 kwa 25 inazungusha pedali mara 41 tu kwa dakika. Hapo unasukuma kwa magoti, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mahindi begani. Mguu unaodumu kwenye mlima unataka mizunguko 60 kwenda juu.

Dawa ya bei nafuu ni kubadilisha kaseti, yaani fungu la gia za nyuma, gia kubwa iwe na meno 28. Mara nyingi mkono mfupi wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo, unaibeba bila ugomvi, lakini utafika mizunguko 46 tu, unafuu mdogo. Cha maana ni kupunguza mbele pia. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa: krenki (mikono ya pedali inayobeba gia za mbele) nyingi za zamani zenye meno 39 zina bolti za gia zilizopangwa kwenye mduara wa milimita 130, na mduara huo haushiki gia ndogo kuliko meno 38. Ukiuziwa gia ya meno 34 peke yake, haitaingia. Itakubidi ubadilishe krenki nzima, uchukue yenye mduara wa milimita 110. Kabla ya kulipa, mwambie fundi aone kama inakubaliana na ekseli na gololi zako.

Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mwendo uleule wa kilomita 8 unakupa mizunguko 60. Lakini 32 inadai mkono mrefu wa gia wa nyuma na mnyororo mrefu kidogo. Pimeni hivi: zungusheni mnyororo kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye mkono wa gia, halafu ongezeni pingili mbili. Mnyororo ukiwa mfupi, siku utakapojisahau ukaweka kubwa kwa kubwa, mkono wa gia utang'oka na pengine kuingia kwenye spoku.

Na usiwe na haraka Himo. Toka Moshi saa kumi na mbili asubuhi, maana barabara kuu hadi Himo ina malori ya mpaka wa Holili na mabasi ya Dar, na kadiri jua linavyopanda ndivyo yanavyoongezeka. Kula ndizi mbivu mbili kila saa, na uanze kabla hujasikia njaa. Maji, nusu lita kwa saa, hata kama migomba imekufunika na unajiona uko kivulini. Getini ndiyo mwisho. Ndani ni hifadhi ya taifa, na kuna kiingilio.

Shikamooni. Nilipokuwa nashuka kutoka Machame kuja njia panda ya barabara ya Arusha, tyubu ya mbele ilipasuka ghafla. Hakukuwa na mwiba wala msumari. Fundi kasema tairi ni bovu, nimenunua jipya, likapasuka tena. Tatizo nini?

Marahaba. Toa tyubu, ijaze upepo nje ya tairi, na uangalie tundu liko upande gani. Upande wa juu unaogusa tairi, tafuta mwiba au kipande cha chupa ndani ya tairi. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanamaanisha upepo ulikuwa mdogo ukabamizwa kwenye shimo au tuta. Likiwa upande wa ndani unaoangalia rimu, tairi halina kosa lolote, na fundi wako amekuuzia tairi bure.

Tunadhani lako ni la ndani, na sababu ni joto. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 85, kushuka mita 500 kunatoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya chai. Kwa breki za mpira, sehemu isiyochukuliwa na upepo unaopita inaishia kwenye rimu. Ukibana breki kidogo kidogo mfululizo toka juu hadi chini, rimu haipati nafasi ya kupoa. Ule utepe wa plastiki unaofunika matundu ya spoku unalainika, unazama kwenye tundu, tyubu inaufuata na kupasuka.

Nunua utepe wa kitambaa wenye upana unaofunika matundu yote bila kupanda kwenye kingo za rimu, maana ukipanda, tairi halikai. Halafu badilisha ushikaji: acha baiskeli ikimbie pale unapoona mbele, kisha kabla ya kona bana breki zote mbili kwa nguvu, sekunde mbili au tatu, achia kabisa. Kwenye kona yenyewe usibane. Maeneo ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya Wachaga, udongo mwekundu na majani ya migomba hutapakaa lami pale njia za ndani zinapojiunga, na mara nyingi pale pale ndipo bodaboda anapochomoza bila kuangalia. Ukiona huwezi kuachia breki bila kuogopa, simama. Shika tairi karibu na rimu, lakini usiguse rimu yenyewe, inaunguza. Dakika tano zinatosha kupoa.

Mimi niko Arusha, nataka msitu na kivuli bila kushindana na malori. Naweza kwenda na tairi nyembamba?

Nyembamba, hapana. Pita Ngaramtoni uelekee Olmotonyi: miti ya kupandwa, vilima, njia za vumbi. Chukua tairi la milimita 35 au zaidi, lenye upepo wa kutosha tu kuzuia rimu isigonge mawe. Ni shamba la miti la serikali, kwa hiyo pitia ofisini uombe ruhusa na uulize wapi wanavuna wiki hiyo. Gari la magogo kwenye njia nyembamba halina pa kukupisha. Usiende siku ya pili baada ya mvua kubwa, tope linajaa kwenye fremu mpaka gurudumu linagoma. Ukitaka safari fupi, Ziwa Duluti pale Tengeru lina msitu wake, lakini ni mahali pa kushuka na kutembea, hapamalizi hamu ya mpanda baiskeli.

Naweza kupanda Uru na baiskeli ya chuma ya kawaida, ile yenye breki za fimbo?

Kupanda unaweza, hata kwa kusukuma. Kushuka mvua ikinyesha ndiko tunakokukataza. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki unateleza juu yake. Rimu ya alumini nayo hudhoofika ikilowa, lakini si kwa kiasi hicho. Kama huna nyingine, jaribu breki mapema kila baada ya mita chache ili mpira ufute maji, na penye mteremko mkali shuka utembee. Kabla hujatoka nyumbani angalia zile fimbo: kila kiungo chenye skrubu kikaze, kwa sababu kimoja kikilegea mpini unafika mwisho na breki haijagusa rimu.