Tangazo la Kizazi Si Cheti cha Kuzaliwa

SWALI: Mhariri, mwanangu alizaliwa katika zahanati ya kijiji miaka sita iliyopita, nami nikapewa karatasi ambayo nimeitunza tangu siku ile ndani ya kadi yake ya kliniki. Nilipokwenda kumwandikisha darasa la kwanza, mwalimu aliniambia kuwa hicho si cheti cha kuzaliwa. Je, nimechelewa?
Mama, Sumbawanga

JIBU: Pole kwa usumbufu, mama, ila mwalimu amekueleza ukweli. Karatasi uliyo nayo ni tangazo la kizazi, yaani taarifa ya zahanati kwa Msajili kwamba mtoto fulani amezaliwa mahali fulani, tarehe fulani, na mama fulani. Cheti hutolewa baada ya taarifa hizo kuingizwa kwenye daftari la Serikali. Wazazi wengi mno huishia kwenye tangazo, na siwalaumu, kwa kuwa siku ya kutoka wodini, mama akiwa amechoka na mtoto mkononi, ni nadra mtu kukaa naye na kumweleza kwamba safari bado.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Zikipita, usajili huhesabiwa kuwa umechelewa, lakini haukataliwi; ugumu huongezeka baada ya miaka 10, ambapo kibali cha Msajili Mkuu huhitajika. Kwa hiyo usingoje. Nenda ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ukiwa na tangazo halisi, kadi ya kliniki na kitambulisho chako. Mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya tiba na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, haumhusu tena mwanao, lakini kama ana mdogo wake, umsajili huyo huko huko.

Ninalokusihi zaidi ni jina. Lisome kwenye fomu herufi kwa herufi, kwani Rashid na Rashidi ni mtu mmoja nyumbani, lakini si mmoja mbele ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), Uhamiaji au Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA. Ukiona tangazo na kadi ya kliniki vinatofautiana, liseme hilo pale pale dirishani, kabla cheti hakijachapwa.